Kicheko na Mpaka Wake, katika Sinema na katika Maisha ya Kila Siku

Ndugu zetu wa Ngoliba wametuletea suala, nasi tumeona si haki kulijibu kwa maneno mawili matatu mwishoni mwa darsa, kwani ni suala ambalo Waislamu wa Mombasa, wa Lamu na wa Tanga huligombania kila siku vibarazani mwao. Wasema ya kuwa kwao kuna kibanda kinachoonyesha sinema usiku, na kwamba vijana hukaa humo mpaka usiku mwingi wakicheka. Wazee wamegawanyika makundi mawili. Kundi moja lasema kicheko chote ni upuuzi, huua moyo, na sinema ya kuchekesha ni mbaya kuliko ya vita, kwa kuwa ya vita angalau humtia mtu hofu. Kundi la pili lasema mtu aliyeinama juani tangu alfajiri ana haki ya kucheka usiku, na sinema isiyochekesha haifai kutolewa hata shilingi kumi. Wakatuuliza: ni nani mwenye haki?

Twasema, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba makundi yote mawili yamelitazama suala kutoka mahali pasipofaa. Wamebishana juu ya wingi wa kicheko na uchache wake, kama wafanyavyo watu wanaopima chumvi. Lililo kubwa ni kujua anayechekwa ni nani, na atakuwa katika hali gani watu watakapokwisha kucheka.

Kwanza yapasa ifahamike kwamba kicheko ni katika maumbile ya binadamu. Katika Surat an-Najm tumekumbushwa ya kuwa Mola ndiye aletaye kicheko na ndiye aletaye kilio, na vyote viwili vimetajwa pamoja kuwa ni katika ishara za uwezo wake. Wala Mtume (s.a.w.) hakuwa mtu wa kukunja uso. Walimu wetu walitusomesha khabari ya mtu aliyemwendea kutaka mnyama wa kupanda, akaambiwa atapewa mtoto wa ngamia. Yule mtu akashangaa, mtoto wa ngamia atamfaa nini? Akajibiwa kwa kuulizwa kama kuna ngamia asiyekuwa mtoto wa ngamia. Tena iko khabari ya mtoto mdogo, ndugu yake Anas, aliyekuwa na kindege chake. Mtume alikuwa akimwita kwa jina la utani, Abu Umayr, na kumwuliza khabari za kindege kile. Mtu mwenye mzigo wa umma mzima mabegani mwake, akakaa chini na mtoto na kumwuliza juu ya kindege!

Msomaji atazame vizuri khabari hizi mbili. Ndani yake hamna uwongo hata mmoja, wala hakuna aliyeondoka akiwa mnyonge kuliko alivyokuja. Mwenye kutaka ngamia aliondoka na ngamia. Mtoto alitukuzwa kwa jina la kunya ambalo huitwa watu wazima. Huu ndio mzaha wenye mpaka, na hatuna haja ya kuutafuta mpaka huo mbali zaidi ya hapo.

Maulamaa waliokuja baadaye hawakuona haya kushughulika na jambo hili. Al-Jahiz wa Basra, aliyekufa karibu na mwaka 869, aliandika kitabu kizima juu ya mabakhili na vituko vyao. Ibn al-Jawzi wa Baghdad, aliyekufa mwaka 1201, ambaye alikuwa mhubiri mkubwa na mwenye kuwaliza watu msikitini, aliandika kitabu cha khabari za wapumbavu, na akaeleza humo kwamba nafsi huchoka kwa mambo mazito ikahitaji kupumzishwa. Sisi twaona ushahidi wa Ibn al-Jawzi una uzito wa pekee. Lau angalikuwa mtu wa ngoma na karamu tungesema anajitetea mwenyewe, lakini huyu ni yule yule aliyewakemea watu wa zama zake bila ya kumwogopa mtu.

Na katika nchi zetu mambo hayakuwa mbali na hayo. Nani katika watu wa mwambao hakusimuliwa hadithi za Abunuwasi na bibi yake kabla ya kulala? Bara ya Tanganyika Wanyamwezi na Wazaramo walikuwa na utani wao, uliotiwa nguvu na safari za misafara, na mtani alikuwa na ruhusa ya kumkejeli mtani wake hata penye msiba, na mwenye msiba haruhusiwi kukasirika. Mtu wa mbali akiona hayo hudhani ni ukosefu wa adabu. Lakini utani ule ulikuwa na sheria: ni wa pande mbili, leo wewe, kesho mimi; na yule anayekutania leo ndiye atakayekuzika kesho. Palipokuwa na mzaha palikuwa na deni la kusaidiana. Tulishike neno hilo, kwani tutalihitaji hapo mbele.

Sasa tuje kwenye sinema.

Sinema ya kuchekesha ilifika kwetu kabla ya sinema za kusema. Charles Chaplin, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1889 na kulelewa London katika ufukara mkubwa, alijulikana hapa hata na watu wasiojua neno moja la Kiingereza, kwa kuwa picha zake hazikuhitaji maneno. Katika sinema yake ya mwaka 1925 juu ya wachimba dhahabu, mtu mwenye njaa apika kiatu chake na kukila kwa adabu kama mtu alaye karamuni. Watu hucheka mpaka machozi. Lakini ni nani katika watazamaji wa mashamba ya mkonge asiyeijua njaa? Walicheka kwa sababu waliijua. Mwaka 1940 mtu huyo huyo alitoa sinema ya kumfanyia mzaha Hitler wakati Hitler yu hai na majeshi yake yamekwisha kuzimeza nchi nyingi za Ulaya. Katika sinema zote mbili mnyonge ndiye aliyetushika moyo, na mwenye nguvu ndiye aliyechekwa.

Wakoloni nao waliijua nguvu ya sinema. Bwana Notcutt, aliyekuwa msimamizi wa mashamba ya mkonge Afrika Mashariki, alianza mwaka 1926 kufikiri juu ya kuwaonyesha vibarua sinema ili waridhike na kazi wasikimbie. Kutoka mwaka 1935 mpaka 1937 yeye na mwenzake Latham walikaa Vugiri, katika milima ya Usambara, wakatengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika juu ya posta, kodi, safura na kilimo. Baada ya vita magari ya serikali yakazunguka vijijini na kitambaa cheupe na mtambo, na baadaye makampuni ya sabuni na majani ya chai yakafanya vivyo hivyo. Wazee wengi wa leo waliona sinema mara ya kwanza wakiwa wamekaa chini mavumbini mbele ya gari la namna hiyo. Mafunzo yalikuwa juu ya vyoo na ng'ombe, na watu walivumilia mafunzo wakisubiri kipande cha kuchekesha. Haya twayataja ili tusidhani kwamba anayetuchekesha hutuchekesha bure sikuzote. Mara nyingi ana kitu cha kuuza.

Watu wa miji ya mwambao walikuwa na bahati nyingine, nayo ni sinema za Kihindi. Katika hizo walimpenda sana mchekeshaji aitwaye Johnny Walker. Jina lake hasa lilikuwa Badruddin Jamaluddin Kazi, Mwislamu, na kabla ya sinema alikuwa kondakta wa basi Bombay. Aliigiza mlevi katika sinema nyingi, na jina lake la sinema lilikuwa la ulevi, na ilhali katika maisha yake hakuonja tembo. Alikufa mwaka 2003.

Hapa ndipo wanapoingia wale wasemao kwamba maigizo yote ni uwongo, na kuna onyo kali katika Hadithi kwa mtu asemaye uwongo ili awachekeshe watu. Onyo lile ni la kweli na hatulipunguzi. Lakini uwongo ni kumfanya mtu aamini kisichokuwa. Anayekaa mbele ya kitambaa cheupe ajua kwamba yule si mlevi bali ni mwigizaji. Hakudanganywa. Al-Hariri wa Basra, aliyekufa mwaka 1122, alitunga Maqamat juu ya mjanja mmoja aitwaye Abu Zayd as-Saruji, na visa vile vimejaa hila na vichekesho. Na vitabu hivyo vilisomeshwa kwa karne nyingi na mashekhe wenye vilemba vikubwa kuliko vyetu, wala hawakusema Al-Hariri ni mwongo. Mwenye kuambiwa kwamba hiki ni kisa hakudanganywa. Uwongo wa kuchekesha ambao twauogopa ni ule wa kibarazani: kuzua juu ya fulani kwamba alifanya hivi na hivi, watu wacheke, na fulani mwenyewe hayupo. Huo wafanywa na watu wengi ambao hawajaingia sinema hata siku moja.

Katika Kenya mizaha iliyopendwa kuliko yote ilikuja kwa televisheni. Tangu miaka ya 1980 nyumba iliyokuwa na televisheni ilijaa majirani usiku wa Vitimbi, na aliyependwa zaidi humo alikuwa Mzee Ojwang pamoja na Mama Kayai. Ojwang alisema Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo, cha kuvunjikavunjika, na watu wakaanguka chini kwa kicheko. Basi sikilizeni jambo la ajabu: mwigizaji yule, marehemu Benson Wanjau, hakuwa Mjaluo bali alikuwa Mkikuyu. Na Mama Kayai, ambaye ni Bibi Mary Khavere, naye ni Mluhya. Katika nchi ambayo Wakikuyu na Wajaluo wametengwa na siasa kwa miaka mingi, na ikafika mahali pa kumwaga damu mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008, Mkikuyu alikaa katika ngozi ya Mjaluo miaka nenda miaka rudi, na Wajaluo wakampenda wakamwita wao.

Kwa nini hawakukasirika? Tumelifikiri sana suala hili. Lafudhi ni ile ile ambayo mtu mwingine akiiigiza kwa dharau hupigwa ngumi. Sisi twaona sababu ni kwamba Ojwang alijichekesha yeye mwenyewe. Alikuwa mjanja ambaye ujanja wake humrudia, mume mwenye makelele ambaye mkewe humshinda, na mwisho wa kisa yeye ndiye aliyeaibika. Hakusimama juu ya kabila lile akilitema mate, bali aliingia ndani yake akakaa kama mtu wa nyumbani. Alipopatwa na maradhi ya macho wananchi walimchangia wa makabila yote, na alipokufa tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, alililiwa na nchi nzima. Kumbukeni tulivyosema juu ya utani na deni lake. Hilo deni lililipwa hapa.

Vioja Mahakamani nayo ilikuwa na faida yake. Mtu wa shamba asiyepata kuingia mahakamani aliona jinsi mshitakiwa anavyosomewa shitaka, anavyoulizwa kama akiri au akana, na jinsi shahidi anavyobanwa. Alicheka na huku anajifunza. Na mwisho wa miaka ya 1990 walitokea vijana watatu, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, waliojiita Redykyulass, wakathubutu kuigiza sauti na mwendo wa Rais Moi mbele ya watu, jambo ambalo miaka michache nyuma lingempeleka mtu kizuizini. Mzaha wa namna hii, unaokwenda juu kwa mwenye nguvu na kumkumbusha kwamba naye ni binadamu, sisi hatuuoni kuwa ni upuuzi.

Lakini tuna shutuma, na hatutaificha. Katika televisheni ya Kenya Kiswahili kimefanywa kuwa lugha ya kuchekesha. Daktari, mwanasheria na mwalimu akitokea katika mchezo aghlabu husema Kiingereza. Askari wa zamu, mtumishi na mlevi husema Kiswahili. Na mtu wa pwani akitokea ni lazima awe mvivu, anayevuta maneno, aliyelala juu ya mkeka akitafuna halua, au mwenye majini. Mtoto wetu wa Mombasa aliyekwenda kusoma Thika au Nairobi huchekwa kabla hajasema jambo lo lote. Akifungua tu kinywa kwa Kiswahili kilichonyoka, darasa lote lavunjika. Matokeo yake ni nini? Baada ya muhula mmoja arejea nyumbani amejifundisha kukivunja. Mzaha huu hauna pande mbili wala hauna deni. Hatujaona bado mchezo ambao wa bara huchekwa kwa kutojua ngeli.

Ili tusijibu jambo tusilolijua, tulikwenda Ngoliba wenyewe. Ngoliba iko mashariki ya Thika, upande wa mlima wa Kilimambogo, karibu na pale mto Athi unapoporomoka. Ni nchi ya mashamba na jua kali, na Waislamu huko ni wachache. Wengi wa tuliowakuta ni vibarua, wengine wa mashambani, wengine wa machimbo ya mawe. Kibanda chenyewe ni cha mabati, na mabenchi yake ni mbao zilizowekwa juu ya matofali.

Sinema iliyoonyeshwa ilikuwa ya kigeni, ya ngumi na bunduki, wala haikukusudiwa kuchekesha. Ila juu ya sauti ya sinema kulikuwa na sauti ya mfasiri. Kazi hii yajulikana Afrika Mashariki nzima. Tanzania alivuma mfasiri aitwaye Lufufu. Uganda watu hawa huitwa kwa jina lenye maana ya mchekeshaji wa video, kifupi VJ. Na Kenya aliye mashuhuri zaidi ni DJ Afro. Mfasiri wa namna hii hafasiri tu bali hutunga. Mgeni asema maneno matatu, yeye asema thelathini. Jambazi wa ng'ambo apewa tabia za mkopeshaji wa mtaani, na mji wa ng'ambo huwa kama kituo cha matatu. Tulicheka, na hatuoni haya kusema tulicheka. Tuliwaona watu ambao mikono yao imepasuka wakisahau mikono yao kwa muda wa saa moja. Anayetaka kuliita hilo dhambi atuletee dalili.

Kisha katika sinema ile akatokea mtu kiwete. Mfasiri akamlinganisha na gari bovu la aina fulani linaloyumba upande mmoja. Kibanda kizima kikageuka, hakikuitazama picha. Kikamtazama kijana mmoja aliyekaa nyuma karibu na mlango, ambaye mguu wake mmoja ni mfupi kuliko wa pili. Wakapiga makelele ya jina la gari lile. Naye akacheka pamoja nao.

Tulipouliza tuliambiwa kwamba sinema ile ilikwisha kuonyeshwa mara nyingi, na tangu siku ya kwanza kijana yule amekuwa akiitwa kwa jina la gari. Dukani aitwa hivyo, shambani aitwa hivyo. Na tukaambiwa jambo lililotukata maini: alikuwa akihudhuria sala ya jamaa na darsa ya jioni, akaacha, kwa kuwa hata mlangoni mwa msikiti watoto walimwita kwa jina lile, na watu wazima waliokuwa wakivua viatu wakatabasamu.

Wazee wa Ngoliba wamebishana miezi kadhaa juu ya kibanda. Katika mabishano hayo yote hakuna aliyemtaja kijana huyu.

Masahaba walipata kumcheka Abdullah bin Mas'ud. Alipanda mti kukata mswaki, upepo ukamfunua miundi, nayo ilikuwa myembamba sana, wakacheka. Mtume (s.a.w.) aliwauliza wanacheka nini, kisha akawaambia kuwa miundi ile katika mizani ni mizito kuliko mlima Uhud. Hawakuwa watu waovu wale, walikuwa Masahaba. Wala hawakukusudia kuumiza. Hata hivyo hawakuachiwa. Na katika Surat al-Hujurat tumekatazwa watu kuwadharau watu, na wanawake kuwadharau wanawake, kwa kuwa huenda wanaodharauliwa wakawa bora. Na papo hapo tumekatazwa kuitana kwa majina ya kejeli. Aya haikubagua jina lililotoka katika sinema na jina lililotoka sokoni.

Mtu atasema: lakini mwenyewe alicheka! Hili ndilo jibu la kila mwenye kudhihaki, nasi twalipinga kwa nguvu. Kicheko si ushahidi wa furaha. Mwaka 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wasichana walianza kucheka mwishoni mwa Januari na wakashindwa kujizuia. Katika wanafunzi 159 walishikwa 95. Wengine walicheka kwa saa chache, wengine siku nyingi, wakichanganya na kilio, na shule ikafungwa mwezi wa Machi. Wasichana waliporudishwa makwao jambo likaenea, na katika kijiji cha Nshamba pekee walishikwa watu 217. Waganga walitafuta sumu na vijidudu wasione kitu. Walioandika khabari ile waliona ni dhiki ya nafsi iliyotafuta mahali pa kutokea. Basi kama watoto waliokuwa na dhiki walicheka mpaka shule ikafungwa, msituambie kijana wa Ngoliba alifurahi kwa kuwa mlimwona meno.

Tena siku hizi kibanda kiko mfukoni mwa kila mtu. Simu zaletwa na picha fupi fupi: mzee aliyeteleza sokoni, mwendawazimu wa mtaani anayeulizwa maswali ya kumchokoza ili aseme upuuzi, mama aliyetishwa na kijana aliyejificha nyuma ya mlango, huku mwenzake akipiga picha. Picha hizo hupita kutoka simu hadi simu, na wengi katika wanaozipitisha ni watu wa safu ya kwanza msikitini. Mwendawazimu wa mtaa wetu ana mama yake, na mama yake ana jirani mwenye simu. Ama khabari ya kumtisha mtu, imepokewa kuwa katika safari moja mtu alilala, mwenziwe akachukua kamba yake kwa mzaha, yule akaamka kwa hofu, na Mtume (s.a.w.) akakataza Mwislamu kumtia hofu mwenziwe. Ilikuwa kamba tu, wala hapakuwa na maelfu ya watu wakitazama.

Wala tusije tukatoka hapa tukadhani kwamba suluhisho ni kununa. Tumeziona nyumba ambazo baba akiingia kicheko hukatika kama taa iliyozimwa, watoto wakatawanyika vyumbani, mke akasimama. Mwenye nyumba hiyo hudhani anaheshimiwa. Tumewaona na waalimu wa chuo ambao hawajatabasamu tangu msahafu wa kwanza, na wanafunzi wao hawaulizi suala kwa kuogopa, wakatoka chuoni na maneno wasiyoyafahamu. Ni katika nyumba hizi hizi na vyuo hivi hivi ambapo kijana hutoka usiku kwenda kulipa fedha ili acheke na wageni. Marehemu Amri Athumani wa Tanga, aliyejulikana kwa jina la King Majuto na aliyefariki tarehe 8 Agosti 2018, alikuwa Mwislamu wa mwambao kama sisi. Watu walikaa na watoto wao na wazazi wao pamoja kumtazama, wakacheka nyumba nzima. Hatusemi kila alichoigiza twakiidhinisha. Twasema nyumba iliyocheka pamoja ina jambo ambalo nyumba iliyonuna pamoja haina.

Kwa hivyo jawabu letu kwa ndugu wa Ngoliba ni hili. Kibanda kama kibanda hatukikatazi. Picha za uchafu zikatazwe, na mwenye kibanda alituambia mwenyewe kwamba yuko tayari, kwani wateja wake huja na wadogo zao. Sinema yenye kiwete, kipofu au kigugumizi si lazima ifungiwe, lakini wale vijana wakubwa wanaokaa mbele, ambao wengine wote huwafuata katika kucheka, waitwe na waambiwe kwa upole jina la kijana yule ni nani, wamwite kwa jina hilo. Watoto wa mlangoni mwa msikiti wazazi wao wanajulikana. Na wazee wawili, mmoja kutoka kila kundi, waende kwake nyumbani wakamtake radhi, wala wasiende na umati na wala wasipige picha.

Mmeuliza vilevile kama kibanda kifungwe mwezi wote wa Ramadhani. Hilo ni la mwenye kibanda kushauriana na watu wake, ambao wengi si Waislamu na hawalazimiki na saumu yetu. Sisi tulimwambia tu kwamba tarawehe huanza saa mbili usiku, naye akasema sinema ya kwanza yaweza kungoja mpaka saa nne kasorobo.